Atalala kwa Nani?

Mwaka 1331 chombo kilitia nanga Mogadishu, na kabla abiria hawajafungua mizigo yao, vijana wa mji walikuwa wamekwisha kukizunguka kwa sambuku zao ndogo. Kila kijana alikuwa na sinia la chakula lililofunikwa. Alipopanda sitahani alimchagua mfanyabiashara mmoja, akamwekea sinia mbele yake na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Mwenzake akamchagua mwingine, na mwingine naye wake, mpaka wafanyabiashara wote wakawa wamepata wenyeji. Aliyeshuka pwani hakushuka kwenda kutafuta pa kulala. Alikwenda nyumbani kwa yule aliyemlisha, isipokuwa mtu aliyezoea kuja na kujuana na watu wa mji. Huyo alikuwa na hiari ya kwenda atakako.

Habari hii ametuachia Ibn Battuta, Mmoroko wa Tangier, ambaye wakati huo hajafikisha miaka 30. Alitoka kwao mwaka 1325 akiwa na miaka 21, peke yake, bila mwenzi wala msafara, nia yake kwenda kuhiji. Hija aliipata, lakini miguu haikutulia. Alipofika pwani yetu hakuwa na shehena. Alikuwa msomi anayetangatanga, na elimu ya sheria aliyoibeba kichwani ndiyo iliyomfungulia milango. Vijana wa sambuku walipoambiwa kuwa huyu si mfanyabiashara bali ni fakihi, walimwita kadhi, na kadhi akaja ufukweni na wanafunzi wake kumpokea.

Mahali alipolazwa ndipo hasa paliponifanya niandike habari hizi. Ibn Battuta hakulazwa jumbani. Aliwekwa katika nyumba ya wanafunzi, ikatandikwa mazulia, akaletewa chakula kutoka kwa sultani: wali uliopikwa kwa samli, na pembeni kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari za ndimu na za pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Alikaa siku tatu, akila mara tatu kwa siku. Leo Mswahili akisikia neno hosteli humjia kwanza picha ya wanafunzi: vitanda vya dabodeka, ndoo zilizopangwa nje ya bafu, kanga juani. Watalii wenye mashanta ndio waliokuja baadaye kulitumia neno hilo kwa namna yao. Kumbe karibu miaka 700 iliyopita kijana msafiri asiye na bidhaa alilala katika nyumba ya wanafunzi katika pwani hiihii, na hakuna aliyeona ajabu.

Desturi ile ya sinia ilikuwa na sababu zake. Vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, upepo unaoanza kuvuma kati ya Novemba na Desemba, na kurudi makwao kusi ilipoanza, Aprili na kuendelea. Katikati ya pepo hizo mtu alikuwa mfungwa wa majira. Hata kama ameuza kila alichokuja nacho siku ya kwanza, hawezi kuondoka mpaka upepo ugeuke. Kwa hiyo mgeni wa pwani alikuwa mgeni wa wiki nyingi, pengine wa miezi, na mji usiokuwa na hoteli ulilazimika kujiuliza swali moja kila msimu: huyu atalala kwa nani? Jibu lilikuwa nyumba ya mtu. Mwenyeji alimlaza mgeni, akamlisha, akamuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka. Ibn Battuta anaeleza kuwa aliyenunua kitu kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Mwenyeji alikuwa mlango, dalali na mdhamini kwa pamoja. Sioni aibu kusema kuwa ukarimu huo ulikuwa na faida ndani yake. Ukarimu uliodumu karne nyingi haukuweza kuishi kwa hisani tupu.

Alipotoka Mogadishu aliteremka kusini. Mombasa alilala usiku mmoja tu, akaona misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na kila mlango wa msikiti una kisima cha kunawia miguu, kwa kuwa watu walitembea peku. Kisha akafika Kilwa, kwa sultani Hasan bin Sulaiman aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa alivyogawa. Magofu ya Husuni Kubwa, jumba la zama za sultani huyo, bado yako juu ya jabali yakitazama bahari, na ndani yake limo birika la kuogea lenye pembe nane. Nani alilala katika vyumba vile, na kwa siku ngapi, kuta hazisemi.

Karne moja na nusu baadaye akaja mgeni wa namna nyingine. Vasco da Gama, Mreno, alipita mwaka 1498. Mombasa pakamshinda kwa kutoaminiana, Malindi akapokewa vizuri na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Lakini miaka 7 tu baadaye, mwaka 1505, Wareno walirudi na merikebu za vita, wakaipora Kilwa, kisha wakaichoma Mombasa. Kilwa wakajenga ngome mwaka uleule, na Mombasa wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Nikiitazama ngome ile kutoka upande wa bahari, naiona kama jibu jipya kwa lile swali la kale. Mreno hakutaka kulala kwa mtu. Alijijengea kuta nene, akaweka mizinga, akalala ndani yake na mlango umekomewa.

Hata hivyo kaskazi haikuacha kuvuma, na watu waliendelea kuja. Ukitaka kuona namna pwani ilivyoendelea kumwekea mgeni nafasi, ingia katika nyumba ya mawe ya Lamu, zile zilizojengwa karne ya 18 mji ulipokuwa katika neema. Kwanza ni daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza mawili ya kukalia. Anayepita tu huishia hapo, akanywa kahawa, akatoa habari, akaenda zake. Mbele kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, na vyumba vya wenyewe, kimoja nyuma ya kingine, na kadiri unavyoingia ndivyo faragha inavyozidi. Lakini karibu na daka kuna mlango au ngazi inayokwenda kwenye sabule, chumba cha mgeni. Sabule imewekwa kwa makusudi hata mgeni aweze kuingia na kutoka, kulala na kuamka, bila kuwaingilia watu wa ndani wala wao kumwingilia. Upana wake ni ule wa vyumba vingine, kwa sababu dari zote zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi mita tatu hivi huanza kupinda. Mgeni basi alilala chini ya boriti zilezile alizolala chini yake mwenye nyumba. Naipenda sana hesabu hiyo ya fundi. Kabla ya kujua mgeni ni nani, nyumba ilikwisha kumjengea chumba.

Wageni wa bahari tumewasema. Wa nchi kavu nao walikuwapo, na hao ndio wabeba mizigo hasa. Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kutoka upande wa Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 au zaidi, ukiwa begani au kichwani. Walipofika pwani na kuona bahari walitua. Wengi husimulia kuwa jina la Bagamoyo limetokana na kule kuubwaga moyo, ingawa kila msimulizi ana namna yake ya kulieleza. Walikaa katika vibanda na makambi ya pembezoni mwa mji wakingoja pembe za ndovu ziuzwe na mizigo ya kurudi nayo ipatikane, wiki baada ya wiki, maelfu kwa maelfu. Jengo la karavansarai ambamo misafara ilipokelewa bado lipo Bagamoyo. Tukizungumza habari za kutembea pwani na mzigo mgongoni tukaanza na vijana wa Ulaya, tutakuwa tumewaruka watu hawa, nami sitaki kuwaruka. Sitaki pia kuwaruka waliofika ufuko uleule shingo zao zikiwa katika minyororo, ambao hakuna aliyewauliza watalala kwa nani.

Mwaka 1857, kabla ya kuingia bara, Richard Burton na John Speke walikodi chombo na kuambaa pwani kutoka Unguja hadi Mombasa, kisha wakashuka Tanga na Pangani, wakilala pale walipopata mwenyeji wa kuwapokea. Wazungu wengi waliowafuata walikuja na mahema yao, na baadaye na maboma yao. Dola zilipoingia, Wajerumani upande wa kusini na Waingereza kaskazini, mgeni wa serikali alijengewa nyumba ya serikali. Desturi ya sinia ilibaki kwa wenye vyombo na jamaa zao, na kwa waja wa Maulidi ya Lamu, wanaolazwa majumbani mwa watu hadi leo.

Wakati huohuo, mbali kabisa na mikoko na minazi, nchini Ujerumani, mwalimu mmoja aitwaye Richard Schirrmann alikuwa na wanafunzi wake mwituni. Ilikuwa Agosti 1909. Dhoruba ikawapiga njiani, wakajihifadhi katika skuli ya kijijini, wakalala juu ya majani makavu huku radi zikipiga usiku kucha. Schirrmann hakupata usingizi, akakesha akiwaza: skuli zote hizi hukaa tupu wakati wa likizo, kwa nini zisiwe malazi ya vijana wanaotembea kwa miguu? Mwaka 1912 akafungua malazi ya kudumu ndani ya ngome ya Altena, yakiwa na vitanda vizito vya mbao vilivyopandana. Kufikia mwaka 1932 vyama vya hosteli za vijana vya nchi mbalimbali vilikutana Amsterdam na kuunda umoja wao. Mwalimu yule aliwaza kama walivyowaza wenyeji wa Mogadishu: kijana asiye na fedha naye ana haki ya kuona dunia, na kinachomzuia ni usiku. Ukimtatulia usiku, mchana atajitegemea.

Baina ya desturi hizo mbili yupo mtu mmoja ambaye msafiri yeyote wa pwani angefaa kumjua. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Kikuwait huko Aden mwishoni mwa mwaka 1938, nahodha wake Ali bin Nasr al-Najdi, na kushuka nalo hadi Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji, walikopakia boriti za mikoko. Hakuwa na kibini. Nafasi yake ilikuwa sitahani, na hapo alikula, akalala na kuandika, miongoni mwa mabaharia na abiria wa Hadhramaut waliojazana hata pa kukanyaga hapakuwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1940, wakati dunia iko vitani. Villiers alijua kuwa anaandika habari za vyombo vinavyokwisha, na ndivyo ilivyokuwa. Ndani ya miongo michache majahazi makubwa ya msimu yaliacha kuja. Swali la atalala kwa nani likabaki bila mwulizaji.

Halafu wakaja vijana wenye mashanta.

Walianza kuonekana Lamu mwishoni mwa miaka ya 1960 na wakazidi katika miaka ya 1970: Waingereza, Wamarekani, Wajerumani, Waaustralia, nywele ndefu, kanzu au kikoi kiunoni, fedha kidogo na muda mwingi. Walitoka katika nchi zilizoshiba lakini zilizochoka, wengine wakikimbia habari za vita ya Vietnam, na wengi walikuwa wamekwisha pita Kathmandu. Mwaka 1977 Geoff Crowther alitoa kitabu cha kuongoza wasafiri wa Afrika wenye fedha kidogo, na tangu hapo njia iliyokuwa ikipitishwa kwa mdomo ikawa imeandikwa. Kufika kwenyewe kulikuwa safari. Kutoka Mombasa kwenda Malindi ilikuwapo hori ya Kilifi ya kuvuka kwa pantoni, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Mbele zaidi, Garsen, ulikuwapo mto Tana, na ukifurika unaweza kungoja siku kadhaa. Kisha Witu, kisha Mokowe, kisha mashua. Ukishuka Lamu ulikuta mji usio na magari, punda wakipita vichochoroni, na sauti kubwa kuliko zote ikiwa adhana.

Mji wenyewe ulikuwa katika dhiki. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imeivuta biashara yote huko. Utumwa ulipofutwa mwaka 1907 mashamba ya Lamu yalikosa mikono. Majahazi nayo yalikuwa yakipungua. Familia za nyumba za mawe zilikuwa na kuta nzuri na mifuko mitupu. Ndipo sabule ilipokumbukwa. Nyumba ambayo tangu karne ya 18 ina chumba cha mgeni chenye ngazi yake haikuhitaji kuvunjwa ukuta ili iwe nyumba ya kulala wageni. Palipojaa chini, watu walilala juu ya dari, chini ya makuti, kwa bei ndogo zaidi. Shela, kijiji cha jirani, kwa wenye uwezo, palikuwa pameshafunguliwa hoteli ya Peponi mwaka 1967. Lakini mji wa Lamu wenyewe ulikuwa wa mashanta.

Sitaki kuifanya hadithi hii tamu kuliko ilivyokuwa. Wazee walilalamika, na walikuwa na haki. Wapo waliotembea nusu uchi mbele ya misikiti, waliovuta bangi mabarazani, waliowatia vijana wa mji mawazo ya kutegemea kile kinachodondoka mfukoni mwa mgeni. Mgeni wa zamani alikuwa na mwenyeji wa kumwambia, taratibu na kwa heshima, kuwa hapa hatufanyi hivi. Mteja hana mwenyeji, ana risiti. Nadhani hapo ndipo kasoro ilipoanzia, kuliko katika nywele wala mavazi yao.

Unguja ilichelewa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 visiwa havikuwa na nafasi kwa wazururaji, na milango ilianza kufunguka katikati ya miaka ya 1980. Kamisheni ya Utalii ikaundwa mwaka 1992. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilikuwa kimeanza mwaka 1989, nyumba ndogo za wageni zikaota mojamoja kati ya nyumba za wavuvi, na kwa muda mgeni aliyeamka mapema aliwakuta akina mama wamekwisha ingia majini na vigingi vyao. Kisha zikaja hoteli kubwa zenye uzio.

Lamu nayo ilijaribiwa. Mwaka 2011 watekaji waliwavamia wageni Kiwayu na Manda. Nchi za nje zikawaonya raia wao wasiende. Mwaka 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa. Amri ya kutotoka usiku ikawekwa, wavuvi wakakatazwa bahari ya usiku. Hasara ya gesti tupu si kitu mbele ya roho za watu, lakini ni nyumba ngapi zilizoishi kwa chumba kimoja cha juu! Polepole wageni wamerudi, na vyumba vimefunguliwa madirisha.

Upande wa Tanzania Bara, kimya cha miji isiyo na watalii wengi kimedumu zaidi, kwa sababu ya barabara. Mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kuvuka Rufiji kwenda Kilwa, Lindi na Mtwara kulitegemea kivuko, na masika yalipokaza kusini ilikuwa kama nchi nyingine. Miji ile ikabaki na gesti zake: ua wa saruji, vyumba vinane kuuzunguka, neti yenye fundo, ndoo na kopo, feni inayokwenda umeme ukiwapo. Humo hulala mwalimu anayefuatilia uhamisho, mnunuzi wa korosho, dereva, muuza mitumba, na mara moja moja kijana mwenye shanta aliyeteremka basi la Mtwara kwa kuwa ameona bahari dirishani. Kimya cha nyumba hizo hakikutengenezwa kwa ajili ya mtalii. Ni kimya cha mtaa wenye saa zake: watu wamelala baada ya adhuhuri, wameamka alasiri, na baada ya isha mtu akicheka kwa nguvu nyumba ya tatu inamsikia.

Nilifika Pangani kwa basi la jioni kutoka Tanga, wakati wa kusi, begi mgongoni, magharibi imekaribia. Pantoni ya Bweni ilikuwa ikirudi na abiria wa mwisho. Nilielekezwa nyumba moja nyuma ya mnazi uliopinda. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa amekaa barazani akichambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Chumba kipo, ingia utue mzigo kwanza. Kitabu utaandika baadaye."

Kitabu kilikuwa kile kile cha gesti zote, kimepigwa mistari kwa rula: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Nilipogeuza kurasa za nyuma kusoma waliotangulia, niliona miandiko ya kila namna; Lushoto, Kigoma, Unguja, Mombasa, na katikati yao jina la Kizungu ambalo mtu alikuwa ameliandikia kabila: Mgeni. Nilijaza yangu. Kwenye uendako niliandika Saadani, kwa kuwa ndiko nilikodhani nitakwenda.

Baada ya isha mlango uligongwa. Alikuwa binti mdogo wa nyumba ile, ameshika sahani iliyofunikwa kawa. Sikuwa nimeagiza chakula, na gesti ile haikuuza chakula. "Mama kasema ule," akasema, akaiweka mezani, akaondoka mbio. Nilipofunua kawa mvuke ulitoka: wali, kipande cha changu wa nazi, na ndimu ya achari pembeni.